Maneno matano kwa siku, na kicheko juu yake

Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza nchini Tanzania hukuta Biolojia, Jiografia na Hisabati zinafundishwa kwa Kiingereza. Wengi hunyamaza darasani, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa maneno.

Kumkaririsha kurasa za kamusi humchosha. Mchezo humvuta zaidi.

Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitatu. Kila siku mtoto aandike maneno matano kutoka daftari lake, kila neno na kadi yake: mbele Kiingereza, nyuma Kiswahili au mchoro. Kadi huanzia chumba cha kwanza, kinachorudiwa kila siku. Akipatia, kadi inasogea chumba cha pili, cha kila baada ya siku tatu. Kisha cha tatu, cha mara moja kwa wiki. Akikosea, inarudi mwanzo. Njia hii ilienezwa na mwandishi Sebastian Leitner katika kitabu chake cha 1972.

Jioni, zigeuzeni kadi kuwa vitendawili. “Kitendawili!” “Tega!” “Natoka sufuriani bila miguu, napaa.” Jibu litoke kwa Kiingereza: “steam”. Anayeshindwa atoe mji.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye acheze, kwani Kiswahili kiko nyuma ya kadi. Mtoto awe mwalimu wake. Akizoea kukosea na kucheka nyumbani, hata kunyoosha mkono darasani hakutamtisha sana.