Silaha za kesho zinatafitiwa leo: zinatuhusu nini sisi?

Mwezi wa Desemba 2013, watu wa Goma walianza kusikia mlio mpya angani. Ilikuwa ndege ndogo, na ndani yake hapakuwa na mtu. Ilikuwa ya MONUSCO, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kutumia ndege zake zisizo na rubani katika kazi ya kulinda amani. Leo wengi tunaziita droni.

Droni zile hazikubeba silaha. Zilibeba kamera zinazoona mchana na usiku. Hata hivyo, mtu aliyekimbia vita akisikia mlio juu ya hema lake hujiuliza maswali mengi. Nani anaiongoza? Inaona nini? Habari inazochukua zinakwenda kwa nani? Na kama ikikosea, nani atajibu?

Maswali hayo ni ya haki. Makala hii inaeleza kwa maneno mepesi vyombo hivi vinatoka wapi, majeshi makubwa yanatafiti nini leo, na kwa nini wakimbizi wa ndani na viongozi wao wanapaswa kujua.

Kwa nini jeshi linahitaji wanasayansi?

Mwaka 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha angani setilaiti ya kwanza, Sputnik. Marekani ilishtuka kuona imeachwa nyuma. Mwaka 1958 iliunda shirika la utafiti chini ya wizara yake ya ulinzi, ambalo leo linaitwa DARPA. Kazi yake ni kutafuta mambo mapya kabla adui hajayapata.

Baadhi ya matunda ya utafiti huo yametufikia sisi sote. Intaneti ilianzia kwenye mtandao wa kompyuta ulioanza kazi mwaka 1969 kwa fedha za shirika hilo. Mfumo wa GPS, unaoiwezesha simu kujua mahali ilipo, ni wa jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na tangu mwaka 2000 raia wanaweza kupata vipimo vilivyo sahihi zaidi. Kwa hiyo mama anayezungumza kwa intaneti na mwanawe aliyekimbilia Uganda anatumia chombo ambacho mizizi yake iko jeshini.

Tunajifunza hapa kwamba kinachotafitiwa kwa ajili ya vita hakibaki kambini mwa askari. Baada ya miaka hutoka, kikawafikia raia, wafanyabiashara na makundi yenye silaha. Kinaweza kuja kama msaada, na kinaweza kuja kama hatari.

Wanatafuta nini leo?

Mwezi wa Februari 2022 wizara ya ulinzi ya Marekani ilitangaza mambo 14 ya kutafitiwa kwanza. Mwezi wa Novemba 2025 ilifupisha orodha hiyo ikabaki na mambo 6. China, Urusi na nchi za Ulaya nazo zina mipango yao. Tutaje machache tu.

La kwanza ni akili bandia. Maana yake ni programu ya kompyuta inayofundishwa kwa mifano mingi mpaka iweze kutambua vitu yenyewe, kama gari, nyumba au mtu. Jeshi linataka programu hizo zisome picha nyingi kwa haraka kuliko macho ya binadamu.

La pili ni makombora yanayokwenda kwa kasi inayopita mara 5 kasi ya sauti, yaliyo magumu kuzuiwa.

La tatu ni silaha za miali. Hizi hutumia mwanga mkali kuunguza kitu kilicho mbali, na majeshi yanataka kuzitumia hasa kuangushia droni.

La nne ni vipuri vidogo vya kielektroniki na betri. Hapa ndipo ardhi yetu inapoingia. Koltani inayochimbwa Rubaya, katika Masisi, hutoa tantalumu, madini yanayotumika kutengeneza vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme. Vipuri hivyo vimo ndani ya simu, kompyuta na makombora. Kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga hutumika katika betri, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Basi tusiseme kwamba utafiti huu ni habari za mbali. Sehemu ya mali yake inatoka chini ya miguu yetu, na familia nyingi zimekimbia vijiji vilivyo karibu na machimbo hayo.

Goma ilijifunza nini?

Turudi kwenye droni za MONUSCO. Mwezi wa Mei 2014, moja iliona mashua iliyokuwa ikizama katika Ziwa Kivu. Walinda amani walituma boti za mwendo wa kasi, na watu zaidi ya kumi wakaokolewa. Hilo ni jambo jema, na tulikumbuke.

Lakini mwaka huo huo mashirika kadhaa ya misaada katika Kivu Kaskazini yalisita kutumia picha za droni hizo. Sababu yao ilikuwa wazi. MONUSCO ilikuwa pia na kikosi cha kupigana. Kama mfanyakazi wa msaada atatumia picha za upande unaopigana, wenye silaha watasema naye ni jasusi. Kesho akienda kijijini na mahindi na mafuta, atafungiwa njia, au atadhuriwa. Na watakaolala njaa ni wale aliotaka kuwasaidia.

Miaka kumi baadaye hali ilibadilika. Februari 17, 2024, uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa, na jeshi la taifa lilisema shambulio lilifanywa kwa droni. Chombo kilichokuja kwetu kikiwa na kamera tu sasa kimekuja pia na mabomu.

Mashine inayoamua yenyewe

Droni ya kawaida huongozwa na mtu kwa mawasiliano ya redio. Adui akiyaziba mawasiliano hayo, droni hupotea au huanguka. Ndiyo sababu watafiti wanaipa akili bandia, ili iendelee na kazi yake hata kama hakuna anayeiongoza. Vita vya Ukraine, vilivyopanuka mwaka 2022, vimeharakisha sana kazi hiyo. Afrika nayo haikusahauliwa: ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 kuhusu Libya ilitaja silaha zilizopangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mwenye kuziongoza.

Hatari iko wapi? Sheria ya vita inamtaka mpiganaji atofautishe askari na raia. Sasa fikiria barabara zetu. Mama amebeba kuni mgongoni. Kijana anasukuma chukudu yenye mizigo. Watu mia wanatembea kwa mstari usiku, wakikimbia mapigano. Kutoka juu, je, mashine itawaona kama familia, au kama kundi la wapiganaji? Askari anaweza kusikia mtoto akilia, akashusha bunduki. Mashine haina mtoto nyumbani. Tena, ikiua raia, huwezi kuipeleka mbele ya hakimu.

Ulimwengu haujanyamaza. Itifaki ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, katika kifungu cha 36 inazidai nchi zilizoikubali zichunguze kila silaha mpya tangu inapotafitiwa, kama inapatana na sheria. Tangu mwaka 2014 nchi zinakutana Geneva kuzungumzia silaha zinazojiamulia. Oktoba 2023 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, na rais wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Mirjana Spoljaric, waliomba kwa pauli moja mkataba wa kuziwekea mipaka ukamilishwe kufikia mwaka 2026. Desemba 2024, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi 166 zilikubali azimio la kuendeleza mazungumzo hayo. Nchi 3 tu zilikataa.

Viongozi wanaweza kufanya nini?

Chifu, mchungaji, imamu, mwalimu au mwakilishi wa kamati ya wakimbizi hawezi kuzuia maabara ya nchi kubwa. Lakini kuna mambo yaliyo mikononi mwake.

Zuia uvumi. Mlio wa droni unaweza kukimbiza watu usiku wa mvua, wakaacha watoto na wazee njiani. Tena jamii moja inaweza kushtaki nyingine kwamba ndiyo iliyoiita. Kabla ya kusema, uliza: nani ameona kwa macho yake? Ameona nini hasa?

Linda watu na mabaki. Kipande cha droni au cha bomu kisiguswe, kisichomwe, wala kisiuzwe kama chuma chakavu. Weka alama mbali nacho, kataza watoto, na toa habari kwa wanaoshughulika na mabomu.

Linda majina. Orodha za familia, picha na alama za vidole ni habari zenye nguvu. Anayezichukua aeleze anazihifadhi wapi na atampa nani. Kuuliza hivyo si kukosa adabu.

Andikeni yaliyotokea. Siku, saa, mahali, walioumia na walioona. Karatasi hizo zitunzwe mahali salama. Ushahidi ulioandikwa vizuri unaweza kufika mbali kuliko kilio.

Semeni. Kongo ina kiti katika Umoja wa Mataifa, na wabunge wetu wanaweza kuulizwa Kongo inasimamia nini juu ya silaha zinazojiamulia.

Wazee walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Nasi tunaongeza: nyasi haziwezi kusema, watu wanaweza. Hatuombi elimu isimame. Mashua ile ya Ziwa Kivu inatukumbusha faida yake. Tunaomba jambo moja: pale uhai wa mtu unapoamuliwa, aamue binadamu mwenye jina, anayeweza kuulizwa na kujibu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Droni ikipita juu ya mahali tunapoishi, watu hufanya nini? Nani hupata shida zaidi?
2. Ni nani kati yetu anayeaminiwa na pande zote kuleta habari za kweli?
3. Mara ya mwisho tulipoandikishwa, tulielezwa majina yetu yanakwenda wapi?
4. Madini yanayochimbwa karibu na vijiji tulivyoacha yanatumika kwa kazi gani? Tungependa yatumike kwa kazi gani?