Unajenga Kinama? Panga soketi kabla ya kupiga lipu

KATIKA mitaa ya Kinama, kaskazini mwa Jiji la Bujumbura, si ajabu kuona nyumba mpya imekwisha kuezekwa na kupigwa lipu safi, halafu juma moja baadaye fundi umeme anaingia na nyundo na tindo kuichimba upya. Mwenye nyumba anatazama vipande vikianguka, akihesabu moyoni mifuko ya saruji aliyoinunua kwa shida. Fundi hana kosa. Hakuna aliyemwambia mapema televisheni itakaa wapi, jokofu wapi, na kitanda kitaelekea upande gani.

Kinama ni mtaa wa watu waliojenga zaidi ya mara moja. Mwaka 1995, wakati wa mapigano na operesheni za jeshi, wakazi wengi wa hapa na wa Kamenge walikimbia. Wengine waliishia kwenye kambi za Kigoma, wengine Uvira, wengine Dar es Salaam. Waliorudi wamekuta kiwanja kitupu, au kuta zilizobaki na nyaya za zamani ndani yake. Na kila aliyerudi amekuja na mazoea ya umeme ya huko alikotoka. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu umeme wa Burundi na wa Tanzania una nguvu inayokaribiana, volti 220 huku na 230 kule, lakini namna ya kuutandaza ndani ya nyumba ni mbili tofauti.

Tuanze na soketi yenyewe. Burundi ilirithi kutoka kwa Wabelgiji soketi ya matundu mawili ya duara, yenye kijiti cha chuma kinachochomoza kwa ajili ya waya wa ardhini. Aliyetoka Uvira hashangai. Aliyetoka Tanzania, Kenya au Uganda amezoea plagi ya Kiingereza yenye miguu mitatu bapa, ambayo ndani yake ina fyuzi. Mfanyabiashara anayevusha pasi, birika na redio kupitia Kabanga na Kobero, au Manyovu na Mugina, anajua kwamba bidhaa zake nyingi zina plagi hiyo.

Matokeo yake yanaonekana majumbani. Plagi inakatwa na nyaya tupu zinachomekwa kwenye matundu, zikishikizwa kwa kiberiti. Au inatumika adapta ya bei rahisi ambayo haina sehemu ya waya wa ardhini. Kwa chaja ya simu adapta hiyo haina neno. Kwa jokofu, pasi au birika, ambavyo vina mwili wa chuma au hukaa na maji, ni kumwondolea mtumiaji kinga yake ya mwisho. Dawa ni kubadilisha plagi nzima na kuufunga waya wa kijani na njano mahali pake. Mwenye duka anayeuza vyombo kutoka Kariakoo angefanya vyema kuuza na plagi za duara pembeni.

Kuna jambo la ndani zaidi, na mafundi wachache hulieleza. Katika mfumo wa Kiingereza, soketi nyingi huunganishwa kwa mzunguko mmoja unaotoka kwenye boksi la umeme na kurudi hapo hapo, ukilindwa na breka ya ampea 32. Waya mwembamba wa kifaa unalindwa na fyuzi iliyomo ndani ya plagi. Plagi ya duara haina fyuzi. Fundi aliyejifunzia Tanzania akitandaza mzunguko ule wa ampea 32, kisha akafunga soketi za Bujumbura, amejenga nyumba ambayo waya wa redio unaweza kuungua kabla breka haijaruka. Huku inafaa kila kundi la soketi liwe na laini yake, waya wa milimita 2.5 za mraba, breka ya ampea 16, na soketi zisizidi 8.

Rangi nazo zinadanganya. Katika nyaya za Kiingereza za zamani, mweusi ndio usio na moto. Katika nyaya za Kifaransa asiye na moto ni wa buluu, na mweusi mara nyingi ndio wenye moto. Anayefungua ukuta wa nyumba ya zamani asiamini macho yake. Apime kwa testa kila waya, hata kama aliyefunga alikuwa ndugu yake.

Maji ya Februari 2014

Vitabu vya ujenzi vya Ulaya husema soketi ikae sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Kwa Kinama ushauri huo haufai. Usiku wa Februari 9 kuamkia 10, mwaka 2014, mvua kubwa ilishusha maji na tope kutoka milimani na kuzifunika nyumba za kaskazini mwa jiji, Kinama ikiwamo. Watu zaidi ya 60 walikufa, na nyumba nyingi za rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo, zilianguka. Maji yakifika kwenye soketi kabla hujazima umeme, chumba kizima ni mtego. Maoni yangu ni kwamba soketi za hapa zikae mita moja au zaidi, na waya ushuke kutoka darini badala ya kupanda kutoka chini. Haipendezi sana nyuma ya kochi, lakini mtoto anayetambaa naye haifikii.

Kwa nyumba ya rukarakara, usikubali fundi achimbe mfereji mrefu wa kulala ukutani. Unaukata ukuta kiuno. Bomba la plastiki likipita juu ya ukuta linatosha.

Sasa mpangilio. Kabla ya lipu, chukua chaki uchore sakafuni: kitanda hapa, meza pale, mlango unafungukia huku. Swichi nyingi za Kinama zimejificha nyuma ya mlango kwa sababu hakuna aliyefikiri mlango utafungukia wapi. Jokofu lipewe soketi yake peke yake, mbali na imbabura na mbali na beseni. Kama chumba cha mbele kitakuja kuwa duka au saluni, kiwekewe laini yake tangu leo. Bafuni usiweke soketi kabisa.

Ukibana soketi, watu watanunua ekstensheni. Hesabu ni rahisi: ampea 16 kwa volti 220 ni wati 3,520. Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,200 zimekwisha kuzila karibu zote, na waya mwembamba wa ekstensheni ya sokoni hauwezi hata nusu yake. Desemba 7, 2021, moto uliua watu 38 katika gereza la Gitega, na Wizara ya Mambo ya Ndani ilisema chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme.

Usisahau fimbo ya ardhini, ipigwe mahali penye unyevu, na kile kifaa mafundi wa Bujumbura wanachokiita différentiel, cha miliampea 30, kinachokata umeme mara unapovuja kwenye mwili wa mtu. Anayepunguza gharama apunguze taa za mapambo, asiguse hicho.

Kwa vile umeme wa REGIDESO hukatika, acha bomba tupu kutoka paani hadi kwenye boksi, kwa ajili ya sola utakayoinunua mwaka ujao. Mwenye jenereta aweke swichi ya kubadilisha. Kuingiza umeme kupitia soketi kwa waya wenye plagi huku na huku kunaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo mtaa wa pili.

Siku mabomba yakiisha kulazwa, kabla ya mwashi kuja na karai lake, piga picha kila ukuta kwa simu, rula ikiwa imesimamishwa pembeni. Atakayepigilia msumari wa kutundika saa mwaka kesho ataziulizia.