Picha Moja, Nakala Nyingi: Watoto na Kazi ya Kuchonga Lino

Wazazi wengi hudhani ya kuwa mtoto achoraye picha anapoteza wakati wa masomo. Lakini mchoro huo ukichongwa na kupigwa chapa, humfunza mtoto kufikiri kabla ya kutenda.

Lino ni tandiko la sakafu lililovumbuliwa na Mwingereza, Frederick Walton, katika miaka ya 1860. Hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa na kuchanganywa na unga wa gome la mti, kisha hutandazwa juu ya kitambaa cha gunia. Kwa kuwa haina nyuzi kama mbao, patasi hupita kila upande bila kukwama. Katika mji wa Vienna, mwalimu Franz Cižek alifungua darasa la sanaa kwa watoto mwaka 1897, na kuchonga lino kukawa mojawapo ya kazi zao. Mwaka 1920 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, na watu wazima wakazistaajabia.

Kwanza mtoto huchora picha yenye mistari minene, kisha huinakili juu ya lino. Hapa ndipo akili hujaribiwa, kwani chapa hugeuza kulia kuwa kushoto. Karani aliyetazama uso wa muhuri wa ofisi amekwisha kuona ya kuwa herufi zake ziko kinyume. Vivyo hivyo, mtoto akichonga jina lake bila kuligeuza, litatoka nyuma mbele.

Tena, palipochongwa hapapati wino, bali hubaki peupe. Palipoachwa ndipo patakapoonekana peusi. Na kilichokwisha kukatwa hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Yampasa mwalimu kuangalia mikono ya watoto. Lino ianikwe juani kidogo ipate kulainika. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali, wala usiwe mbele kamwe. Patasi iwe kali, kwa maana iliyo butu hulazimisha nguvu nyingi, ikateleza na kujeruhi.

Kazi ya kuchonga ikiisha, wino hupakwa kwa rola, karatasi huwekwa juu, na mgongo wa kijiko hutosha kuisugua. Mashine si lazima. Karatasi ikibanduliwa, mtoto huona mara moja matunda ya uangalifu wake, au ya haraka yake. Somo hilo litamfaa shambani na ofisini pia.