Bati za eterniti juu ya depo: mbele ya kushika nyundo



Hivi karibuni tulipanda kwenye koperative moja ya kahawa, katika vilima vya Kivu, kwa kuangalia kazi ya depo yao. Tulidhani tutakuta watu wanapanga tu. Kumbe kazi ilikuwa imekwisha kuanza. Depo hiyo ni hangari ya zamani, ya wakati wa mukoloni, na paa lake ni bati nene za rangi ya majivu, zile tunazoita eterniti. Vijana walikuwa juu wanazipiga nyundo na kuzitupa chini. Chini bamama walikuwa wanafagia vipande, wanavitia ndani ya mabeseni, ili wajaze mashimo ya uwanja wa kuanikia kahawa. Vumbi jeupe lilikuwa kila mahali, hata juu ya mtoto aliyebebwa mgongoni.

Tuliomba kazi isimame. Lakini tuseme ukweli: kosa la kwanza ni letu. Katika mradi tuliopanga pamoja nao tuliandika «kuondoa paa la zamani», maneno manne tu, wala hatukuuliza paa hilo limetengenezwa na nini.

Mama mmoja alituambia: «Sisi tuliambiwaka ni simenti tu.» Hakukosea sana. Sehemu kubwa ya bati hizo ni simenti kweli. Lakini ndani yake, karibu sehemu moja kwa kumi, kunatiwa amianti. Ni jiwe linalochimbwa ardhini, lenye nyuzi kama pamba. Nyuzi hizo ndizo zinazoshika simenti isipasuke. Haziozi, haziungui. Ndiyo sababu kampuni zilizipenda, na ndiyo sababu zinaua: ukizivuta kwa pumzi, mapafu hayawezi kuzitoa wala kuzimaliza. Ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi, huzioni, hazinuki.

Ugonjwa haufiki kesho. Unafika baada ya miaka 20, 30, hata 40 na zaidi: mapafu yanakauka na pumzi kuwa fupi, au inakuja kansa ya mapafu, au kansa ya ngozi inayozunguka mapafu. Anayevuta tumbako yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Mwaka 1960 waganga wa Afrika Kusini waliandika juu ya kansa hiyo ya pili kwa watu wa eneo la migodi ya amianti, na wamoja hawakufanya kazi mgodini hata siku moja. Waliishi karibu tu. Kwingine walipatikana wanawake waliougua kwa kufua nguo za kazi za waume zao. Ubelgiji ilikataza bati hizi kwake mwaka 1998. Jirani zetu wa Rwanda wamekuwa na mpango wa taifa wa kuzishusha na kuzizika.

Mtu asishikwe na woga kupita kiasi. Bati nzima, isiyopasuka, iliyokaa juu ya paa bila kuguswa, haitoi vumbi jingi. Hatari ni kuvunja, kukata kwa msumeno, kutoboa, kusugua, kufagia pakavu. Wala msizichome: ndani ya moto zinapasuka kwa mlio na kurusha vipande. Basi kama paa lenu lingali zima na pesa za manjanja mapya hazipo, liacheni. Hata sakafu za nyumba za zamani za kampuni, zile karo za plastiki zilizogandishwa kwa gundi nyeusi kama lami, zinaweza kuwa na amianti. Msizikwangue. Funikeni kwa mkeka au kwa simenti.

Sasa, mweka hazina wa koperative ile alikuwa na swali lake, na ni swali la haki. «Bati nzima tunaweza kuuzia mutu wa nguruwe. Juu ya nini tuzike makuta?» Tulibishana naye karibu saa nzima. Tulichomjibu ni hiki: huyo wa nguruwe atazikata, atazitoboa misumari, na vumbi litakuwa kwake na kwa watoto wake. Hakufurahi. Lakini alikubali.

Kama ni lazima kushusha, tafuteni kwanza fundi anayejua kazi hiyo. Msikanyage bati zenyewe, zinavunjika ghafla na mtu anaanguka hadi chini, tandikeni mbao. Mwagieni maji yenye sabuni kidogo, ng'oeni misumari polepole, mteremshe bati moja moja kwa mikono. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Inayofaa ni ile yenye alama FFP3 au P3. Watoto, wenye mimba na mbuzi, wote mbali. Bati zifungwe mara mbili ndani ya shitingi ya plastiki, zizikwe kwenye shimo refu, mbali na chemchemi na mashamba, na mahali paandikwe katika kitabu cha koperative, ili wajukuu wasije kulima hapo.

Kule kilimani tulilowesha uwanja wote, tukaokota vipande kwa mkono bila ufagio. Shitingi na barakoa tutalipa sisi, kwa sababu tungeziweka kwenye mradi tangu mwanzo. Nusu ya paa ingali juu, inangoja fundi.

Wakati tunaondoka, mama yule wa mtoto aliuliza kama kitenge alichovaa siku ile akitupe. Tulimwambia hapana: akiloweshe kwanza bila kukikung'uta, akifue peke yake mbali na nguo za batoto, na maji yake ayamwage ndani ya shimo.