Huyu buibui wa chini ya tenga si wa kupuuza

Leo mananasi nayaweka pembeni kidogo, kuna kosa langu nataka kulirekebisha.

Msimu uliopita nilikuwa Kiwangwa, shambani kwa mama mmoja. Akanionyesha buibui wa kahawia chini ya tenga tupu: "Bwana shamba, huyu ana sumu?" Nikajibu harakaharaka, hana neno huyo. Wiki haikuisha, aling'atwa kidoleni akiinua tenga hilohilo. Maumivu yakapanda mpaka kwapani, usiku hakulala. Alipona, lakini mimi niliona aibu kweli.

Kitaalamu anaitwa Latrodectus geometricus. Jike ndiye wa kuogopa: tumbo la mviringo kama njugu mawe ndogo, miguu yenye pete nyeusi. Rangi ya mgongoni isikudanganye, wapo wa kahawia, wa kijivu, hata wanaokaribia weusi. Tazama chini ya tumbo, kuna alama nyekundu au ya chungwa, kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Usimshike kumgeuza! Mwenyewe huning'inia chali kwenye utando wake, tochi inatosha.

Kuna ushahidi rahisi zaidi: mfuko wake wa mayai. Ni kijimpira cheupe au cha manjano kilichojaa vimiba, kama mbigili. Ukikiona hicho, jua mwenyewe yuko karibu.

Utando wake hauna mpangilio, lakini ni mgumu. Anapenda chini chini: viti vya plastiki, ndoo, madumu, chooni, buti, bomba la kupulizia dawa. Hakufukuzi mtu. Ukimgusa hujikunja na kudondoka kama amekufa. Anang'ata akibanwa tu, na vidole vyetu ndivyo vinavyombana.

Sasa jamani, msikimbilie dawa ya shambani kupulizia ndani mnamolala. Hiyo itawadhuru watoto na kuku kabla ya buibui. Chukua fagio la chelewa, safisha, ponda mifuko yote. Mmoja unaweza kubeba mayai mia na zaidi.

Ukishang'atwa, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Hakuna kuchanja wembe wala kufunga kamba. Maumivu yakisambaa, tumbo likikaza, jasho likitoka, au aliyeng'atwa ni mtoto, nenda zahanati hapohapo.

Yule mama siku hizi hulipiga tenga teke mara mbili ndipo aliinue. Na mimi akiniuliza kitu, ananicheka: "Umemwangalia tumboni lakini?"