Je, Wajua? Risasi Zilipoadimika Ruvuma

Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, ndiko meli ya Kiingereza Gwendolen ilikoipiga mizinga Hermann von Wissmann ya Wajerumani, Agosti 1914. Meli hiyo ya Wajerumani ilikuwa nchi kavu ikitengenezwa, na habari za kuanza kwa Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa hazijawafikia mabaharia wake!

Kisha Waingereza wakaifunga bahari, na kwa Wajerumani risasi zikawa mali adimu. Aprili 1915 meli Rubens, iliyowaletea silaha, ilizama Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Wapiga mbizi waliziopoa risasi. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena. Hata hivyo, baadhi ziligoma kulipuka.

Askari wengi wa jeshi la Wajerumani walibeba bunduki kongwe za modeli ya 1871, zenye moshi mzito uliomfichua mpigaji papo hapo. Baada ya mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, risasi zisizotoa moshi zilikuwa karibu kwisha. Novemba 25, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji na kuiteka kambi ya Wareno Ngomano, pamoja na risasi zake. Ndiyo maana jeshi lake liliporudi kupitia Ungoni, nchi ya Wangoni, mwaka 1918, bunduki nyingi mabegani zilikuwa za maadui: Wareno na Waingereza.