Wavamizi Wasiokwisha: Siri ya Michezo ya Shabaha na Linalomhusu Mzazi

Mzazi anapomwamrisha mwanawe aweke simu chini, jawabu analolipata aghalabu ni moja: "Bado kidogo tu, mama." Wengi wetu huichukulia kauli hiyo kuwa ni ukaidi, na pengine ukaidi upo. Walakini tukiitazama michezo yenyewe jinsi ilivyoundwa, tutaona kwamba ile "bado kidogo" ilitiwa ndani yake kwa makusudi, na watu hodari wa kazi yao, kabla ya wazazi wengi wa leo kuzaliwa. Mzazi asiyelijua hilo hushindana na mtoto, ilhali mshindani wake hasa ni fundi aliyeuunda mchezo.

Kwa hivyo wiki hii tumeona turudi kwenye asili, yaani michezo ya shabaha ya zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, iliyotamba Japani na Marekani baina ya mwaka 1978 na 1982. Kanuni zake ni chache na ni sahali kuelezeka, na hila nyingi tunazozikuta leo katika simu za watoto wetu zilionekana humo mapema.

Wavamizi 55

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo uitwao Space Invaders. Aliyeubuni ni mhandisi Tomohiro Nishikado, ambaye aliifanya kazi hiyo karibu peke yake, na ilimlazimu hata kujiundia vifaa vya kuutengenezea. Juu ya kioo wamejipanga viumbe 55, safu 5 za viumbe 11, wenye maumbo ya kukumbusha pweza, kaa na ngisi. Chini kuna mzinga mmoja wa mchezaji, unaokwenda kulia na kushoto tu, na mbele yake ngome 4 za kujikingia. Viumbe hutembea pamoja hadi ukingo wa kioo, hushuka hatua moja, kisha hurudi upande wa pili. Wakifika chini mchezo umekwisha, hata kama mchezaji amebakiwa na mizinga ya akiba.

Mchezaji hawezi kuwa na risasi zaidi ya moja angani. Mpaka ile aliyoipiga igonge kitu au ipotelee juu, hana ruhusa ya kupiga nyingine. Kanuni hii ndogo ndiyo iliyoufanya mchezo uwe wa shabaha kweli. Anayefyatua ovyo hujikuta ameduwaa akiingoja risasi iliyokosa, na adui anazidi kumshukia.

La kustaajabisha zaidi ni mwendo. Prosesa ya mashine ile ilikuwa dhaifu, nayo iliwasogeza viumbe mmoja baada ya mwingine kwa zamu. Walipokuwa 55, zamu ilichukua muda nao wakaenda polepole. Kila alipoondoka mmoja, zamu ilifupika na waliosalia wakaongeza kasi, hata yule wa mwisho akawa anakimbia mbio. Nishikado hakuwa amelipanga hilo, lakini alipoona jinsi udhaifu ule ulivyoongeza msisimko, aliuacha ulivyo. Pamoja nao ziliwekwa sauti nne nzito zinazorudiwa mfululizo, zikiharakishwa kadiri viumbe wanavyoharakisha, mfano wa moyo wa mtu anayeingiwa na hofu. Basi mchezaji anapokaribia kumaliza ndipo mambo yanapozidi kuwa mazito. Na akimaliza, huletewa wengine 55, tena wakianzia chini kidogo kuliko wa kwanza.

Lipo jambo jingine katika historia ya mchezo huu ambalo mzazi Muislamu atalithamini. Nishikado alijaribu kwanza vifaru, ndege na meli, na mwendo wake haukumridhisha. Maumbo ya wanadamu ndiyo yaliyotembea vizuri kiooni, lakini wakubwa zake kazini walikataa mchezo wa kuwapiga watu risasi. Ndipo akageukia viumbe wa kubuniwa. Katika chimbuko la michezo hii, basi, waliouza burudani waliona kwamba kuna mpaka usiofaa kuvukwa.

Hesabu ya sarafu

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini wavamizi hawaishi? Jawabu liko katika kijisanduku cha pesa kilicho chini ya mashine. Kule Japani mchezaji alitumbukiza yeni 100, na kule Marekani robo dola. Mwenye mashine alifaidika pale mchezo ulipokwisha, kwa kuwa hapo ndipo sarafu ya pili ilipoingia. Mchezo ambao mtu angeweza kuushinda na kuondoka ametosheka ungekuwa hasara kwake. Vilevile, mchezo unaomfukuza mtu baada ya nusu dakika ungemchukiza asirudi. Ufundi ulikuwa katika kupata kipimo cha katikati: mtu ashindwe upesi, lakini ashindwe akiamini kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe, na kwamba mara ijayo hatalirudia.

Nolan Bushnell, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Atari iliyoanzishwa Marekani mwaka 1972, aliifupisha hekima hiyo ya biashara kwa kusema kwamba mchezo mzuri uwe rahisi kujifunza na mgumu kuumudu. Ndiyo maana mashine hizi hazikuhitaji maelezo marefu. Mtu alipopita, kioo kilikuwa kikijicheza chenyewe ili kumvuta. Ndani ya mashine mlikuwa na swichi ndogondogo ambazo mwenye mali alizitumia kuongeza au kupunguza mizinga anayopewa mchezaji. Tena juu ya kioo iliandikwa alama ya juu kabisa iliyofikiwa siku hiyo, ili kila anayecheza awe na mtu wa kumfukuzia hata kama hamjui.

Tamaa na mitego

Waliofuata waliongeza ustadi. Mwaka 1981 kampuni ya Namco, pia ya Japani, ilitoa Galaga. Humo adui mkubwa huteremsha mwali unaokinasa chombo cha mchezaji na kukichukua mateka. Mchezaji akimpiga mtekaji huyo kwa uangalifu bila ya kukilipua chombo chake mwenyewe, hurudishiwa, na vyombo viwili hupigana bega kwa bega kwa nguvu maradufu. Kwa hivyo mchezaji hodari hujiachia kwa hiari atekwe, akitarajia faida. Lakini vyombo viwili ni pana kuliko kimoja, na ni rahisi zaidi kupigwa. Mtu huwekewa tamaa na khofu katika mizani moja, na uamuzi ni wake. Mchezo ukimalizika, kioo humwonyesha ni risasi ngapi amepiga na ngapi zimelenga. Hesabu hiyo ya haki ndiyo humfanya aseme, "Nikicheza tena nitaitengeneza."

Wachezaji nao hawakulala. Katika Asteroids, mchezo wa Atari wa mwaka 1979, chombo huelea katikati ya majabali. Jabali kubwa likipigwa hupasuka mawili, na kila pande hupasuka tena mawili. Wajanja waligundua kwamba wakibakisha jabali moja dogo na kuwavizia adui wanaokuja kwa visahani, wanaweza kujilimbikizia alama na vyombo vya ziada bila ya mwisho. Mwaka 1982 kijana wa miaka 15 nchini Marekani aliucheza mchezo huo takriban siku tatu kwa sarafu moja, akafikisha zaidi ya alama milioni 41. Atari walikuwa wamekwisha kuitambua mbinu hiyo, na katika toleo lililofuata waliirekebisha mashine kuiziba.

Tunaweza kuustaajabia ustahimilivu wa kijana yule. Lakini tuhesabu vilevile: katika siku tatu kuna Swala 15 za faradhi.

Ya kulinda

Haitakuwa insafu tukiidhania michezo hii yote kuwa ni kuangamiza kutupu. Defender, uliobuniwa na Eugene Jarvis wa kampuni ya Williams na kusambaa mwaka 1981, ulimpa mchezaji watu 10 wa kuwalinda. Adui hushuka na kuwanyakua kwenda nao juu. Mchezaji humpiga mnyakuzi, kisha hukimbia kumdaka mtu yule anapoanguka. Mpigaji mwenye pupa humuua yule aliyekuja kumwokoa. Wote 10 wakipotea, sayari hulipuka na adui huwa wakali zaidi.

Mkubwa wa maana kuliko yote, kwa maoni yetu, ni Missile Command wa Atari, mwaka 1980. Ilikuwa ni zama za Marekani na Muungano wa Kisovieti kutishana kwa silaha za nyuklia. Dave Theurer, aliyeuunda, alitaka mchezaji asimshambulie mtu. Kazi yake ni kuikinga miji 6 kwa vituo 3, kila kimoja kikiwa na makombora 10 kwa kila raundi. Kwa kiganja huviringisha tufe dogo kulenga mahali ambapo kombora la adui litakuwa, wala si pale lilipo sasa, kwa kuwa kombora lake huchukua muda kufika. Yakimwishia, hana ila kutazama miji ikiteketea. Mashambulizi huzidi kila raundi, na hatimaye mji wa mwisho huanguka. Hapo kioo hakimwambii kwamba amepoteza mchezo. Humwandikia tu kwamba ndio mwisho. Theurer mwenyewe ameeleza kwamba wakati wa kazi hiyo aliota ndoto mbaya za miji kushambuliwa. Sheria ile ile ya sarafu, kwamba mchezo hauna ushindi, yeye aliigeuza kuwa neno la kweli juu ya vita.

Kilichoondoka

Wazazi wa huko nao walishtuka. Mji wa Mesquite, Texas, uliweka sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 17 kucheza mashine hizi pasipo mzazi au mlezi, na kesi yake ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyotoa uamuzi wake mwaka 1982. Hofu ya mzazi juu ya kioo, basi, si jambo la kwetu peke yetu wala la leo.

Hata hivyo mashine ile ilikuwa na rehema moja ambayo simu haina. Sarafu zilipokwisha mfukoni, mtoto alirudi nyumbani. Mashine ilikuwa mahali pake, ikibidi aifuate. Ilisimama wazi mbele ya watu, na kila mchezo ulikuwa na mwisho uliokatwa. Michezo mingi ya simu imerithi kila hila tuliyoitaja: kasi inayozidi, ushindi unaokaribia usifike, alama za kushindania, na zawadi za kutia tamaa. Imeuondoa mwisho tu. Kuingia ni bure, chombo kikilipuka kingine hupatikana kwa kutazama tangazo au kwa kulipa kidogo, na usiku wa manane simu huita kumkumbusha mtoto kwamba zawadi yake inamngoja. Malipo yake makubwa ni wakati, nao hautoki mfukoni tukauona umepungua.

Na wakati ndio rasilimali yetu. Mwenyezi Mungu ameuapia katika Suratul Asr, naye Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha kwamba faragha ni miongoni mwa neema ambazo wengi hupunjika kwazo. Michezo inayoingiza bahati nasibu ya pesa ina hukumu yake, na hiyo tunawaachia wanazuoni. Hapa tunasema juu ya mchezo ulio halali kwa asili, unaomla mtoto saa zake kwa sababu hakuna aliyeuwekea kikomo.

Nyumbani tufanyeje?

Kwanza, mzazi akae karibu na mwanawe dakika kumi autazame mchezo, na aulize: Unashindaje? Unaisha lini? Ukishindwa unaambiwa ufanye nini? Mtoto hupenda kuulizwa analolijua, na katika kulieleza huanza kuuona mtego mwenyewe.

Pili, kikomo kiwekwe kabla ya mchezo kuanza, na kipimwe kwa raundi au kwa adhana kuliko kwa hasira. Kumwambia mtoto "raundi mbili, kisha ulete simu" humpa mahali pa kusimama. Kumkatiza katikati ya wimbi ni kumtaka avunje kile alichofungwa nacho kwa ustadi mkubwa, na ugomvi hauna budi kutokea. Ikiwa mchezo hauna raundi wala mwisho wowote, hiyo peke yake ni sababu ya kuuchaguliwa mwingine.

Tatu, arifa za michezo zizimwe, na simu ilale chumba cha wazazi.

Nne, kijana aliyevutiwa na michezo hii aulizwe kama angependa kujua jinsi inavyoundwa. Nishikado alikuwa mhandisi kabla ya yote, na kanuni za Space Invaders zinaweza kuandikwa upya na mwanafunzi wa sekondari mwenye kompyuta ya kawaida na subira. Atakayejaribu kuamua mwenyewe viumbe waende kasi gani, na mchezaji apewe mizinga mingapi, hataitazama tena simu yake kwa macho yale ya zamani.

Watoto ni amana, na saa zao ni sehemu ya amana hiyo. Aliyeiunda mashine ya sarafu alijua fika lini mchezo unakwisha. Kwa simu iliyo mkononi mwa mtoto, mwenye kulijua hilo imebaki kuwa ni mzazi. Mwenyezi Mungu atupe hekima ya kulisimamia kwa upole, amin.